Mbegu na Mafuta: Somo Kutokana na Jaribio la Kujenga Mfumo wa Kompyuta Sepuka



Kila robo mwaka ukurasa huu huleta somo moja la kujadiliwa katika kamati za usharika na miongoni mwa marafiki wanaochangia miradi yetu. Tumekwisha kuzungumzia visima, ufugaji wa kuku, mizinga ya nyuki na utunzaji wa kumbukumbu za vikundi. Safari hii somo ni geni kidogo. Linahusu vijana saba wa kituo chetu cha kompyuta kilichopo Sepuka, wilayani Ikungi, waliojaribu kujenga mfumo mzima wa kuendesha kompyuta kuanzia kwenye maandishi yake ya awali.

Kazi hiyo ilipotajwa katika kikao cha kamati, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza: "Hivi vijana hawa wanatengeneza kitu ambacho tayari kipo, tena kinagawiwa bure. Sisi tunapata nini?" Swali hilo ni la haki. Rafiki mmoja anayetuchangia aliuliza karibu vilevile kwa barua. Tukiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu lililonyooka. Leo tunalo, lakini tumelipata kwa gharama ambayo hatukuitarajia, na gharama hiyo nayo tutaieleza hapa bila kuificha.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, tunatarajia kwamba kamati itaweza:

1. Kueleza tofauti kati ya programu unayoweza kuitumia tu na programu unayoweza kuijenga na kuirekebisha.
2. Kuelewa kwa ufupi hatua za kujenga mfumo wa uendeshaji kutoka kwenye msimbo chanzo.
3. Kuamua ni mahali gani katika usharika majaribio yanaruhusiwa, na ni mahali gani hayaruhusiwi kabisa.

Maana ya maneno

Mfumo wa uendeshaji ni programu kubwa inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusoma diski, kuongoza kibodi na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Windows ni mfumo wa uendeshaji. Linux ni jamii nyingine ya mifumo hiyo.

Msimbo chanzo ni maandishi ambayo mtaalamu huyaandika kwa lugha ya kompyuta ambayo binadamu mwenye mafunzo anaweza kuisoma. Mashine yenyewe haiwezi kuyatumia moja kwa moja. Ni lazima yapitishwe katika programu maalumu, kompaila, inayoyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine inazielewa. Kazi hiyo vijana wetu wanaiita kukompaili.

Sisi watu wa Singida tunao mfano mzuri wa jambo hili, nao ni alizeti. Msimbo chanzo ni kama mbegu, kompaila ni kama mashine ya kukamulia, na programu iliyo tayari ni kama mafuta. Ukinunua mafuta dukani unaweza kupikia, lakini huwezi kuyapanda. Ukitaka alizeti ya aina nyingine mwakani, mafuta hayatakusaidia. Ni mwenye mbegu tu anayeweza kupanda, kuchagua na kuboresha. Vivyo hivyo, aliyepewa programu iliyokwisha kukompailiwa anaweza kuitumia, lakini kuisoma na kuirekebisha ni shida kubwa, hata kama ana kijana mwenye akili nyingi.

Mfano huu una kikomo chake. Mbegu ikishakamuliwa imekwisha, lakini msimbo chanzo unabaki ulivyo hata ukikompailiwa mara mia. Unaweza kumpa jirani nawe ukabaki nao wote.

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inakupa uhuru wa mambo manne: kuitumia kwa lengo lolote, kuisoma na kuibadilisha, kuwagawia wengine, na kuwagawia pia marekebisho yako. Tuangalie hapa neno "huria" lisichanganywe na neno "bure". Mara nyingi programu huria hupatikana bila malipo, lakini kilicho muhimu ni ule uhuru. Kuna programu nyingi za bure ambazo zimefungwa, yaani unapewa mafuta bila mbegu.

Kwa nini jambo hili linahusu usharika?

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya chuo kikuu. Hata hivyo, kanisa letu limekwisha kufaidika nayo. Kuna programu huria ya kumbukumbu za hospitali iitwayo Care2x, iliyoanza mwaka 2002. KKKT ilichukua msimbo wake ikaurekebisha ufae mazingira ya hospitali zetu hapa Tanzania, na hospitali kama Selian ya Arusha na Haydom ya Mbulu zimewahi kuitumia. Kama programu ile ingekuwa imefungwa, kila badiliko lingehitaji kuomba ruhusa na kulipia. Kwa kuwa ilikuwa huria, kazi ilifanywa na watu waliokuwa karibu na wagonjwa na waliofahamu jinsi hospitali zetu zinavyoendeshwa.

Mfano wa pili ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, watu walichukua msimbo wa programu ya ofisi iitwayo OpenOffice.org, wakatafsiri maneno yake kwa Kiswahili na kutoa toleo lililoitwa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Hawakusubiri kampuni ya mbali iamue kama Kiswahili kina soko. Aidha, mwaka 2010 wajenzi wengi wa OpenOffice.org walipokuwa na wasiwasi juu ya mustakabali wake, waliuchukua msimbo uleule na kuanzisha LibreOffice, ambayo inaendelea hadi leo. Mradi mmoja ulidhoofika lakini mbegu haikupotea. Sisi tunaozungumza kila siku juu ya uendelevu wa miradi tunayo ya kujifunza hapo.

Tuangalie sasa hali ya sharika zetu wenyewe. Kompyuta nyingi tulizonazo ni za msaada na zimetumika miaka mingi kabla ya kutufikia. Baadhi huja na mfumo ambao hautengenezewi tena marekebisho ya usalama. Nyingine huwekewa nakala zisizo na leseni halali, jambo ambalo haliendani na ushuhuda wetu. Mashine ikigoma, hupakiwa kwenye basi hadi Singida mjini, na mara nyingi hurudi ikiwa imefutwa kila kitu. Tulichokikosa ni watu wanaojua ndani ya mashine kuna nini.

Mfumo tuliouchagua

Mwaka 1983, tarehe 27 Septemba, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mpango wa kujenga mfumo kamili wa uendeshaji ambao ungekuwa huria, akauita GNU. Kompaila yake, GCC, ilianza kutolewa mwaka 1987. Ilipofika mwaka 1990 sehemu nyingi zilikuwa zimepatikana, isipokuwa kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na mashine. Mwaka huo kazi ya kutengeneza sehemu hiyo ilianza chini ya jina la Hurd.

Mwaka uliofuata, 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alitoa kiini chake, Linux. Kilikuwa rahisi zaidi na kilikua haraka. Watu wakakiunganisha na zana za GNU, na huo ndio mfumo ambao leo unaendesha seva nyingi duniani. Hurd ilibaki nyuma. Toleo lake namba 0.9 lilitoka Desemba 2016. Wapo watu wa kujitolea wanaoendelea nayo, na mwezi Agosti 2025 walitoa mkusanyiko uitwao Debian GNU/Hurd 2025. Bado ni mfumo wa majaribio. Hautambui vifaa vingi, nao haupaswi kutegemewa kwa kazi ya ofisi.

Kwa nini basi tulichagua huo na si Linux ambayo imekomaa? Sababu ni ya kimafunzo. Katika Linux kazi nyingi hufanywa na kiini kimoja kikubwa. Katika Hurd, kiini kiitwacho GNU Mach ni kidogo, na kazi nyingine zimegawanywa kwa programu ndogo ndogo ziitwazo seva: moja inashughulikia mafaili ya diski, nyingine mtandao, nyingine orodha ya programu zinazoendelea. Seva moja ikianguka, mara nyingi inaweza kuwashwa tena bila kuangusha mfumo wote. Mwanafunzi anaweza kuichomoa seva moja, kuisoma, kuibadilisha na kuirudisha. Ni kama kujifunza ufundi kwenye injini ambayo kila kipande chake kinafunguka.

Hatua za kazi

Tunaeleza hatua kwa ufupi, si kwa ajili ya mafundi, bali kamati ione kazi yenyewe ilivyo na muda unakwenda wapi.

Hatua ya kwanza: kuandaa karakana. Mfumo mpya haujengwi hewani. Tulitenga kompyuta moja yenye Debian GNU/Linux iwe karakana, tukaiwekea kompaila na zana nyingine zinazohitajika. Hapa tulikutana na tatizo la kwanza. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi miaka mingi nyuma. Tulidhani ni jambo dogo. Lakini amri iitwayo make, ambayo ndiyo msimamizi wa ujenzi, huangalia saa za mafaili ili ijue kipi kimeshajengwa na kipi bado. Saa ikidanganya, msimamizi naye anachanganyikiwa, anarudia kazi iliyokwisha au anaruka ambayo haijafanyika. Siku mbili zilipotea kabla kijana mmoja hajatazama tarehe. Betri mpya ikamaliza ugomvi.

Hatua ya pili: kupata msimbo na kuuhakiki. Mtandao wa Sepuka hautoshi kwa mizigo mikubwa. Msimbo wa GCC peke yake, ukiwa umebanwa, unazidi megabaiti 80. Vijana wawili walikwenda Singida mjini wakapakua kila kitu na kurudi nacho kwenye diski ya nje ambayo ofisi yetu iliwaazima. Msomaji aikumbuke diski hiyo, tutairudia. Kisha walihakiki kila faili kwa namba maalumu ya ukaguzi inayotolewa na watengenezaji. Herufi moja ikibadilika njiani, namba hubadilika kabisa. Faili moja lilionekana limekatika katikati, likapakuliwa upya.

Hatua ya tatu: kujenga zana za kujengea. Hatua hii ndiyo iliyowachosha wengi. Kompaila ya Debian inatengeneza programu za Linux, sisi tulihitaji inayotengeneza programu za Hurd. Lakini kompaila kamili inahitaji maktaba ya msingi ya lugha ya C, na maktaba hiyo haiwezi kujengwa bila kompaila. Ni hadithi ya kuku na yai. Suluhisho ni kujenga kompaila ndogo kwanza, kuitumia kujengea maktaba, kisha kujenga kompaila kwa mara ya pili ikiwa kamili. Katikati yake kuna kifaa kiitwacho MIG, kinachotengeneza njia za mawasiliano kati ya kiini na seva. Anayekiruka MIG atakwama mbele.

Ujenzi wa GCC kwenye mashine yetu ya zamani uliendelea usiku kucha. Mara ya kwanza uliuawa katikati kwa sababu vijana waliamuru kazi nne zifanyike kwa pamoja na kumbukumbu ya mashine ikajaa. Walipoamuru kazi moja moja, ulikwenda polepole lakini ukafika. Umeme ulikatika mara kadhaa. Kwa kuwa saa sasa ilikuwa sahihi, amri ya make iliendelea kutoka karibu na pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Hapa ndipo vijana walipojifunza namna ya kusoma makosa. Kompaila ikishindwa humwaga mistari mingi ya malalamiko, na mtu asiyezoea hutazama mstari wa mwisho. Mara nyingi wa mwisho ni matokeo tu. Kosa lenyewe liko juu, ni la kwanza. Tangu siku hiyo kwenye ubao wa darasa kumeandikwa: "Tafuta kosa la kwanza."

Hatua ya nne: kujenga kiini na seva. Baada ya zana kukamilika, GNU Mach na Hurd vyenyewe vilijengwa kwa muda mfupi kuliko kompaila. Jambo hili liliwashangaza wengi. Ni kama shamba: siku nyingi huishia kwenye kufyeka na kulima, kupanda ni siku chache.

Hatua ya tano: kuunganisha na kuwasha. Vipande viliwekwa pamoja na zana ndogo za kila siku ndani ya faili moja kubwa linalojifanya diski. Faili hilo likawashwa katika QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Mfumo ukiharibika humo, mashine halisi haiguswi.

Mara ya kwanza haukuwaka. Ulisimama ukisema hauoni diski yake. Baada ya kutwa nzima iligundulika kwamba vijana walikuwa wameandika jina la diski kwa namna ya Linux, wakati Hurd inaziita diski kwa majina yake. Waliporekebisha neno hilo moja, maandishi yalishuka kwenye kioo na mwisho mfumo ukakaa ukisubiri amri. Vijana walipiga makofi, mmoja akatoka nje mbio kumwita mlinzi aje aone. Mlinzi alitazama kioo cheusi chenye herufi nyeupe, akasema, "Hongereni wanangu, ila sijui mnafurahia nini."

Kosa la jina la diski lilikuwa limetugharimu kutwa moja tu, kwa sababu lilitokea ndani ya QEMU. Tungelizingatia vizuri tungeepushwa na lililofuata.

Mahali tulipoteleza

Baada ya furaha ile, vijana walitaka kuuona mfumo wao kwenye kompyuta halisi. Waliamua kuuandika kwenye flashi ili waiwashe mashine kwa kutumia flashi hiyo. Amri inayofanya kazi hiyo huitwa dd. Haiulizi mara mbili. Unaitajia chanzo na unaitajia diski ya kuandikia, nayo huandika na kufunika kila kilichokuwepo.

Jioni hiyo flashi ilikuwa imechomekwa pamoja na ile diski ya nje tuliyowaazima. Kijana aliyekuwa kwenye kibodi alikosea herufi moja ya jina, na mfumo wa majaribio ukaandikwa juu ya diski ya nje.

Ndani ya diski hiyo kulikuwa na daftari la kikundi kimoja cha kuweka na kukopa: hisa, mikopo na marejesho ya miezi tisa. Kompyuta ya ofisi ilikuwa inasumbua, hivyo tulilihamishia huko "kwa muda". Nakala nyingine hapakuwa nayo.

Tuseme wazi ni nani aliyekosa. Kijana alikosea herufi moja, na kila fundi duniani amewahi kukosea herufi. Sisi wa ofisi ndio tuliokabidhi ghala la watu litumike kama gunia la kubebea mbegu. Sisi ndio tuliokuwa na nakala moja tu ya kumbukumbu ambazo si zetu.

Tulikwenda kwenye kikao cha kikundi Alhamisi iliyofuata. Kijana aliomba aje naye, ingawa hatukumlazimisha. Baada ya sisi kueleza, alisimama akasema: "Shikamooni mama zangu. Aliyeandika amri ile ni mimi." Ukimya ulikuwa mrefu. Mama mtunza hazina akamjibu: "Marahaba mwanangu. Fedha ipo sandukuni, haijapotea. Ila imani ya watu mmeigusa, na hiyo haihesabiwi kwa mashine."

Kilichotuokoa ni karatasi. Kila mwanachama alikuwa na kitabu chake, na mama mtunza hazina hakuwahi kuacha kuandika katika daftari lake la mkono, ingawa sisi tulikuwa tumemshauri kwamba halina haja tena. Kazi ya kuingiza upya ilichukua wiki tatu. Vijana waliifanya jioni, mama mmoja akisoma, kijana mmoja akiandika, mwingine akihakiki. Vitabu vya wanachama wawili havikulingana na daftari, na kikao kililazimika kukaa mara mbili kupatanisha. Mwanachama mmoja alijitoa kwenye kikundi. Hatukufanikiwa kumrudisha.

Tulichojifunza

Sasa turudi kwenye swali la mzee wetu: sisi tunapata nini?

Kwanza tujibu tusichopata. Hatukupata mfumo wa kutumia ofisini. Hurd iliyojengwa Sepuka ilikaa ndani ya QEMU, na hatutaitumia kuandikia hata barua moja. Mfadhili akituuliza kama fedha yake imezaa mfumo mpya, jibu ni hapana.

Kilichopatikana ni watu. Vijana wale saba sasa wanajua kwa nini mashine haiwaki, wanaweza kusoma ujumbe wa kosa bila kuogopa, na wanaweza kuweka mfumo wa Linux uliokomaa kwenye kompyuta kuukuu ikarudi kazini. Kompyuta tatu zilizokuwa zimewekwa stoo zinatumika tena. Mkoba wa kwenda na mashine Singida mjini umekaa muda mrefu bila safari. Mtu anaweza kufundishwa kutumia programu kwa wiki moja, lakini kujua inavyojengwa ndiko kunakomfanya aweze kuitengeneza inapovunjika.

Pia haikuwa bure. Leseni haikulipiwa, lakini umeme ulilipiwa, nauli ilitoka, betri ilinunuliwa, na muda wa vijana ulitumika wakati wa mavuno, ambao wazazi waliuhitaji shambani. Kamati inayoambiwa kwamba programu huria haina gharama inadanganywa.

Jambo la tatu ndilo zito. Jaribio halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukosa mpaka kati ya shamba la majaribio na ghala. Mkulima mwenye busara anayepewa mbegu mpya haipandi shamba lote, wala haichanganyi na akiba ya chakula. Anatenga kipande pembeni. Ikikauka, watoto bado wanakula.

Kanuni tulizoziweka

Kamati ya kituo, pamoja na vijana wenyewe, imepitisha kanuni zifuatazo. Tunazitoa ili sharika nyingine zizitumie au ziziboreshe.

1. Kifaa chochote chenye kumbukumbu za usharika au kikundi hakitumiki kwa majaribio, hata kwa kuazima, hata kwa siku moja.
2. Kumbukumbu za watu ziwe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya kazi, moja kwenye diski inayofungiwa kabatini, na moja mahali pengine mbali na ofisi. Nakala zijaribiwe kufunguliwa kila mwezi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe.
3. Daftari la mkono lisiachwe mpaka kikundi chenyewe kiamue, si ofisi.
4. Ofisi itumie mfumo uliokomaa na unaoendelea kupata marekebisho. Mfumo wa majaribio ubaki katika QEMU au kwenye mashine iliyoandikwa kwa rangi nyekundu "MAJARIBIO".
5. Amri yoyote inayofuta au kufunika diski iandikwe na mtu mmoja na isomwe kwa sauti na wa pili kabla ya kubonyezwa. Diski isiyohusika ichomolewe kwanza.
6. Kila jaribio liwe na daftari lake: tarehe, kilichofanyika, kosa la kwanza lililoonekana, na suluhisho.

Maswali ya majadiliano

1. Katika usharika wetu, ni kumbukumbu zipi zikipotea leo hatuwezi kuzirudisha? Nakala yake iko wapi, na nani aliifungua mara ya mwisho?
2. Kompyuta zetu zina mfumo gani? Je, leseni yake ni halali, na bado unapata marekebisho ya usalama?
3. Tunapoandika maombi ya msaada, je, tunaomba mafuta peke yake, au tunaomba pia mbegu na watu wa kuzipanda?
4. Mtu aliyekosea kwa uaminifu akaja mwenyewe kukiri, kamati yetu ingempokea namna gani?

Hitimisho

Vijana wameomba kuendelea. Safari hii wanataka kutengeneza seva ndogo ya Hurd kwa mikono yao wenyewe, kwenye mashine ile yenye rangi nyekundu. Kamati imekubali, kwa sharti kwamba kwanza kila mmoja awe amemsaidia mtunza hazina mmoja wa kikundi kupanga nakala zake tatu. Sita wamekwisha kamilisha. Wa saba ni yule aliyekosea herufi, na yeye amechelewa kwa sababu amechukua vikundi viwili, kimoja kikiwa kile cha akina mama. Mama mtunza hazina amemkubalia, ila daftari lake la mkono bado analo, na anaendelea kuliandika.

 Tunaomba kamati zitakazojadili somo hili zituletee majibu yao kupitia ofisi za sharika, hasa ya swali la kwanza.